Clement Gillman: Mhandisi wa Reli ya Kati aliyeona kuwa mzigo hufuata maji

WAPANDAJI wa Mlima Kilimanjaro wanaotumia njia ya Marangu hufika alfajiri mahali panapoitwa Gillman's Point, kwenye ukingo wa kreta, zaidi ya mita 5,600 kutoka usawa wa bahari. Wengi hupiga picha hapo na kuendelea na safari. Ni wachache wanaofahamu kuwa jina hilo si la mtalii wala la gavana, bali ni la mhandisi wa reli aliyefika ukingoni hapo mwaka 1921, na ambaye kazi yake kubwa aliifanya tambarare, katika nchi kame ya kati.

Mtu huyo ni Clement Gillman. Kwa mkulima wa Buigiri, Kikombo au Igandu anayetafuta njia ya kufikisha ufuta, alizeti, mtama au zabibu sokoni kwa gharama nafuu, maisha ya Gillman yana mengi ya kufundisha. Alishiriki kuijenga Reli ya Kati, akaitunza, kisha akatumia miaka yake ya mwisho kutafuta jibu la swali ambalo mpaka leo linawasumbua wafanyabiashara: kwa nini reli ipite mahali na bado mzigo usipatikane?

Kutoka Madrid hadi Dar es Salaam

Gillman alizaliwa mwaka 1882 mjini Madrid, Hispania, baba yake akiwa Mwingereza na mama yake Mjerumani. Kwa hiyo alikua akizijua lugha zote mbili, jambo lililomsaidia sana baadaye, kwani nchi aliyokuja kuifanyia kazi ilitawaliwa kwanza na Wajerumani na baadaye Waingereza.

Alifika Dar es Salaam mwaka 1905 akiwa mhandisi kijana wa kampuni ya Kijerumani ya Philipp Holzmann, iliyopewa kazi ya kujenga reli kutoka pwani kwenda bara. Ni mwaka huo huo ambapo vita vya Majimaji vilianza kusini. Reli ilifika Morogoro mwaka 1907, Dodoma mwaka 1910, Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwanzoni mwa mwaka 1914. Kwa jumla ilikuwa na urefu wa takriban kilomita 1,250, na upana wa mita moja kati ya chuma na chuma.

Kazi ya kulaza mataruma na vyuma, kuchimba mawe na kujaza matuta ilifanywa kwa mikono na maelfu ya vibarua wa Kiafrika, wengi wao wakiwa Wanyamwezi waliokwisha kuzoea njia hiyo kama wapagazi wa misafara. Majina yao hayakuandikwa mlimani. Lakini tuta walilolijenga ndilo lililobeba treni za mizigo kwa zaidi ya karne moja.

Umuhimu wa tuta hilo unaonekana kwa hesabu ndogo. Mpagazi wa zamani alibeba mzigo wa kilo 30 hivi, na safari ya kutoka pwani hadi Ujiji ilichukua miezi. Behewa moja la mizigo la reli hiyo siku hizi hubeba takriban tani 40. Huo ni mzigo wa wapagazi zaidi ya 1,300, au magunia 400 ya kilo 100 kila moja.

Nchi ya maji machungu

Sehemu ya reli inayowahusu zaidi watu wa Chamwino ni ile inayopanda kutoka bonde la Mkondoa, kupitia Kilosa, Kidete na Gulwe, kisha Msagali, Igandu na Kikombo hadi Dodoma, ambako ni zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari.

Misafara ya zamani iliiogopa sehemu hiyo. Kabla ya kuingia Ugogo kulikuwa na pori kavu lililojulikana kama Marenga Mkali, jina linalotokana na maji yake machungu. Ndani ya Ugogo, watemi walitoza hongo kwa kila msafara uliotaka kupita na kutumia visima. Wageni wengi waliilalamikia hongo hiyo, lakini ilikuwa na mantiki ya biashara: katika nchi kame, mwenye maji ndiye mwenye barabara.

Wajenzi wa reli waliikuta hali hiyo hiyo. Kichwa cha treni cha mvuke kinahitaji vitu viwili njiani, yaani kuni au makaa ya mawe, na maji mengi. Maji yenye chumvi huacha gamba ndani ya boila, na gamba hilo hupoteza moto, huharibu mabomba na kufupisha maisha ya mtambo. Hivyo kabla ya kuwaza mzigo wa mtu mwingine, reli yenyewe ilikuwa na kiu.

Tatizo la pili lilikuwa kinyume cha hilo. Mvua za nchi kame ni chache, lakini zikija huja kwa nguvu. Mto Kinyasungwe, ambao huonekana mchanga mtupu kwa miezi mingi, hujaa kwa saa chache na kushuka kwa kasi kuelekea Mkondoa ukibeba udongo, magogo na wakati mwingine tuta la reli. Mwaka 1947 mafuriko yake yalikata njia. Desemba 2009 na Januari 2010 mafuriko yaliharibu tena sehemu ya kati ya Kilosa na Gulwe, na treni zikasimama kwa miezi.

Mteremko nao una hatari zake. Juni 2002 treni ya abiria iliyoshindwa kupanda eneo la Igandu ilirudi nyuma bila breki na kugongana na treni ya mizigo. Zaidi ya watu 280 walipoteza maisha. Wakazi wa vijiji vya jirani hawajausahau mwaka huo.

Reli inayoleta na inayochukua

Vita vya Kwanza vya Dunia vilianza miezi michache tu baada ya reli kufika Kigoma. Mwaka 1916 Wajerumani waliokuwa wakirudi nyuma walilipua madaraja, na Waingereza waliofuata wakayatengeneza ili treni zao za kijeshi zipite.

Kwa Wagogo, miaka hiyo inakumbukwa kwa jina la Mtunya. Majeshi yalichukua ng'ombe, nafaka na wanaume wa kubeba mizigo. Kisha mvua zikakosekana, na mafua makali ya mwaka 1918 yakaongezeka juu ya njaa. Maelfu walikufa. Reli ilikuwepo tayari, imepita katikati ya nchi yao, lakini kuwepo kwa reli peke yake hakukuzuia njaa. Njia inayoleta chakula ndiyo hiyo hiyo inayoweza kukitoa, kutegemea nani anayeamua mabehewa yabebe nini.

Baada ya vita Gillman aliingia katika utumishi wa Reli za Tanganyika chini ya Waingereza. Alikuwa mmoja wa watu wachache walioifahamu njia hiyo tangu taruma la kwanza, na alipanda hadi kuwa Mhandisi Mkuu. Wakati wake mtandao uliongezeka: njia ya Tabora hadi Mwanza ilikamilika mwaka 1928 na kufungua pamba ya Usukuma, na njia ya Moshi hadi Arusha ikafuata mwaka 1929.

Gillman hakuwa mhandisi wa ofisini. Alitembea sana kwa miguu, na popote alipopita aliandika alichokiona: aina ya udongo, miti, mito, visima, vijiji na mahame. Aliandika shajara kwa miaka mingi, na shajara hizo zimehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza. Mwanajiografia Brian Hoyle alizitumia kuandika kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka 1987.

Ramani ya watu

Mwaka 1936 Gillman alichapisha ramani iliyoonyesha watu wa Tanganyika wanaishi wapi. Leo kazi kama hiyo inaonekana ya kawaida, lakini wakati ule ilifumbua macho ya wengi. Takriban theluthi mbili za watu waliishi katika sehemu ya kumi tu ya ardhi, na zaidi ya nusu ya nchi haikuwa na wakazi kabisa.

Ramani hiyo ilionyesha pia kuwa watu wengi walikuwa pembezoni: Kilimanjaro, Usambara, kandokando ya Ziwa Viktoria, Bukoba, nyanda za juu za kusini na pwani. Katikati palikuwa wazi. Sababu kubwa alizozieleza ni mbili, yaani uhaba wa maji na mbung'o. Mahali penye maji ya kudumu palikuwa na watu, na penye watu palikuwa na mazao.

Sasa weka Reli ya Kati juu ya ramani hiyo. Njia inatoka baharini na kwenda moja kwa moja katikati ya nchi, ikipita kwa mamia ya kilomita katika pori la miombo na nyika kame ili kufika Ziwa Tanganyika. Wajerumani waliijenga kwa sababu za utawala, za kijeshi na kwa tamaa ya biashara ya Kongo. Mkulima wa njiani hakuwa sababu kuu. Ndiyo maana kwa miaka mingi treni ilitembea masafa marefu bila kupata mzigo wa kutosha katikati ya safari.

Kila mwenye lori anaielewa hesabu hiyo. Gari likienda limejaa na kurudi tupu, anayelipa safari ya kurudi ni mwenye mzigo wa kwenda. Kwa treni ni vivyo hivyo, tena zaidi, kwa sababu tuta, madaraja na stesheni vinahitaji fedha hata siku ambayo hakuna behewa lililopita.

Reli zilizowekwa zikang'olewa

Historia ya wakati wa Gillman na baada yake ina mifano ya wazi. Miaka ya 1930 ilijengwa njia ndogo kutoka Manyoni kwenda Kinyangiri, upande wa Singida. Mzigo haukutosha kuilipia, na miaka ya 1940 vyuma vyake viling'olewa. Singida ilikuja kupata reli nyingine kutoka Manyoni miaka mingi baadaye, baada ya Uhuru.

Kwa upande wa kusini-magharibi, Gillman alifanya upimaji wa awali wa reli ya kuifungua sehemu hiyo, na ripoti yake ikatoka mwaka 1929. Mwaka huo huo uchumi wa dunia ulianguka na reli hiyo haikujengwa. Nyanda za juu za kusini, zenye mvua, watu na chakula, zilisubiri mpaka TAZARA ilipojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975.

Huko kusini kuna pia makaa ya mawe, ambayo yangeweza kuzipatia treni za mvuke moto mzuri. Badala yake, treni za Reli ya Kati zilikula kuni za misitu ya njiani kwa miaka mingi. Mpaka sasa makaa ya mawe ya Ngaka, mkoani Ruvuma, husafirishwa kwa malori kwenda bandari ya Mtwara, kwa kuwa reli haijafika.

Karanga za Kongwa

Baada ya kustaafu reli mwishoni mwa miaka ya 1930, Gillman hakurudi Ulaya kupumzika. Aliteuliwa kuwa mshauri wa Serikali katika masuala ya maji. Alizunguka nchi akichunguza mito, chemchemi na uwezekano wa mabwawa na visima. Pia aliandika historia fupi ya Reli za Tanganyika, iliyotoka mwaka 1942, na historia ya ukuaji wa mji wa Dar es Salaam, iliyotoka mwaka 1945. Kazi yake ya mwisho ilikuwa ramani ya uoto wa nchi nzima, ambayo ilichapishwa mwaka 1949.

Yeye hakuiona ikichapishwa. Alifariki dunia mwaka 1946, akiwa ameishi katika nchi hii kwa miaka 40 na ushei.

Muda mfupi baada ya kifo chake, Serikali ya Uingereza ilianzisha mradi mkubwa wa karanga ili kupunguza uhaba wa mafuta ya kula nchini mwao. Lengo lilikuwa kulima zaidi ya ekari milioni 3, na kazi ilianzia Kongwa, jirani kabisa na Chamwino. Matrekta yaliletwa kwa meli, yakapakiwa kwenye mabehewa Dar es Salaam na kupelekwa Msagali, ambako palijengwa tawi la reli la kwenda Kongwa.

Katika mwaka wa kwanza zililimwa ekari zipatazo 7,500 badala ya 150,000 zilizokusudiwa. Mibuyu na vichaka vilivunja vyuma. Udongo wa mfinyanzi uligeuka kama saruji baada ya mvua, kiasi cha kushindwa kung'oa karanga. Mvua zenyewe hazikutosha. Reli ya njia moja nayo ilizidiwa na mizigo, na mafuriko ya Kinyasungwe yakaikata. Mradi uliachwa mwaka 1951 ukiwa umepoteza pauni milioni 36. Tawi la Kongwa liling'olewa baadaye.

Wagogo waliokuwa wakilima mtama na uwele na kufuga ng'ombe katika eneo hilo walikuwa wakijua tabia ya mvua zake. Ramani na ripoti za maji za Gillman zilionyesha jambo hilo hilo kwa lugha ya kitaalamu. Mradi uliendeshwa kana kwamba hakuna aliyejua. Leo sehemu ya ardhi hiyo ni ranchi ya Taifa, na ng'ombe wanastawi kwa majani ambayo karanga zilishindwa kuyashinda.

Upana wa behewa la makaa

Tangu Julai 2024 treni za abiria za umeme zinatembea kati ya Dar es Salaam na Dodoma kwenye reli mpya ya SGR, ambayo nayo ina stesheni Igandu. Upana wake ni milimita 1,435, wakati reli ya zamani ni milimita 1,000 na TAZARA ni milimita 1,067.

Kipimo hicho cha 1,435 kina asili ya kushangaza. Kinatokana na njia za mabehewa ya makaa ya mawe ya kaskazini mwa Uingereza, ambayo zamani yalikokotwa na farasi kutoka machimboni hadi mtoni. Fundi George Stephenson, mtoto wa mfanyakazi wa mgodi, alijenga vichwa vyake vya mvuke kwa upana ule ule aliouzoea, na reli ya Stockton na Darlington iliyofunguliwa mwaka 1825, hasa kwa ajili ya kubeba makaa, ikaufuata. Kutoka hapo kipimo kikaenea duniani. Hivyo behewa la makaa la Waingereza wa kale ndilo lililoamua upana wa reli inayopita leo katika nyika ya Ugogo.

Kwa mfanyabiashara, tofauti ya upana si jambo la historia tu. Behewa la reli moja haliwezi kuingia kwenye reli nyingine. Mzigo lazima upakuliwe na kupakiwa upya, na kila upakiaji ni ujira wa wapagazi, magunia yanayopasuka na siku zinazopotea.

Funzo kwa mkulima

Katika maisha ya Gillman kuna mambo matatu ambayo mkulima na mfanyabiashara mdogo wa Dodoma anaweza kuyafanyia kazi.

La kwanza ni kuanza na maji. Reli nzuri haiwezi kubeba zao ambalo halikuiva. Lambo la kijiji, kisima, matuta ya kuzuia maji shambani na mbegu zinazovumilia ukame, kama mtama, uwele na alizeti, ndiyo mwanzo wa safari ya behewa. Matuta hayo yana faida ya pili, kwani maji yanayozuiwa shambani hayaongezi nguvu ya Kinyasungwe kwenda kuharibu reli.

La pili ni kukusanya mzigo. Magunia 10 ya mkulima mmoja hayajazi behewa. Lakini wakulima 40 wenye magunia 10 kila mmoja, wakihifadhi pamoja kupitia chama chao cha ushirika, wana tani 40. Hapo wanaweza kuzungumza na msafirishaji, awe wa reli au wa lori, wakiwa wateja wenye nguvu, na wanaweza kukataa lumbesa.

La tatu ni kuuliza swali la safari ya kurudi. Lori au behewa linaloleta saruji, mbolea na bidhaa za dukani Dodoma linahitaji kitu cha kurudi nacho Dar es Salaam. Mkulima anayejua ni lini magari hayo yanarudi matupu hupata nauli nafuu kuliko yule anayesubiri mlanguzi mlangoni.

Gillman alijenga tuta, kisha akatumia maisha yaliyobaki kuonyesha kuwa tuta peke yake halitoshi. Treni hupunguza mwendo mahali penye mzigo. Na katika nchi kame kama ya Buigiri, mzigo huanzia kwenye maji yaliyohifadhiwa kabla jua halijayanywa.